Njaa haifagii mapafu

Ramadhani ikikaribia, au Kwaresima ikianza, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Unasema Mjapani mmoja alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kugundua kwamba mtu akikaa na njaa, mwili wake huugeukia uchafu wake na kuula, na magonjwa yakaisha. Kila unaporudi huwa umetiwa chumvi zaidi. Saa za kufunga zimepanda kutoka 16 hadi 72, na tangu miaka ya corona umeota mkia mpya: kwamba mfungo huo unasafisha mapafu. Mapafu ya mvuta sigara, ya mama aliyepikia kuni miaka thelathini, hata ya mtu aliyemaliza dozi ya kifua kikuu lakini pumzi haijamrudia. Nyuma ya ujumbe hufuata wauza vidonge na juisi za tangawizi. Safari hii ulinifikia kutoka kwa shemeji yangu, naye alikuwa amemlenga mjomba wetu, mzee aliyemalizia ujana wake kwenye mashimo ya tanzanite kule Mererani na ambaye siku hizi hapandi ngazi bila kupumzika katikati.

Ujumbe huo si uongo mtupu, ndiyo maana unastahili kujibiwa kwa hoja badala ya kuchekwa. Tuzo ilitolewa kweli. Seli hujisafisha kweli, na kujisafisha huko kunahusika kweli na magonjwa ya mapafu. Kosa ni kwamba mchakato wa kibaiolojia umegeuzwa kuwa fadhila: ukizidi ni heri, ukipungua ni shari. Ninachodai hapa ni kwamba kwa mapafu fikra hiyo imepotoka tangu kwenye mzizi. Kujisafisha kwa seli ni mnyororo wa kazi, na mnyororo huohuo unaweza kuilinda seli moja na kuimaliza ya jirani, kutegemea ni seli gani, ni ugonjwa gani, na ugonjwa umefika hatua gani. Anayeuliza "niuongezeje?" amekwisha kupotea kabla hajajibiwa. Swali lenye faida ni mnyororo umekatika wapi, na ndani ya seli zipi.

Jina la kitaalamu ni otofaji, kutoka maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kujila. Alilibuni Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963, miaka michache baada ya kugundua laisosomu, yaani vijifuko vilivyomo ndani ya seli, vyenye tindikali na vimeng'enya. Kazi yenyewe huenda hivi: utando mwembamba hujikunja kukizunguka kitu kilichochakaa, labda protini iliyopinda, labda mitokondria, yaani kinu cha nishati cha seli, iliyoanza kuvuja, labda bakteria aliyejipenyeza, ukakifunga kama furushi. Furushi husafirishwa hadi kwenye laisosomu, viwili hivyo huungana, kilichomo huyeyushwa, na malighafi hurudishwa kutumika upya. Kwa karibu miaka thelathini hilo lilibaki jambo la kutazamwa kwa darubini, bila mtu kujua ni jeni zipi zinazoliendesha. Ndipo Yoshinori Ohsumi, akiwa Tokyo, alipochukua hamira, ileile ya maandazi, akainyima chakula na kutazama mafurushi yakijaa ndani yake. Mwaka 1993 yeye na mwanafunzi wake walitangaza kundi la kwanza la jeni 15 zinazohitajika kwa kazi hiyo. Tuzo ya 2016 ilikuwa ya utafiti huo. Hakumfungisha mtu hata mmoja. Njaa ilikuwamo katika jaribio, lakini ilikuwa ufunguo wa kuwashia injini ili fundi apate kuisikiliza, na Kamati ya Nobel ilimtuza fundi kwa kuielewa injini.

Sasa tuulize jambo ambalo ujumbe wa WhatsApp hauulizi: uchafu upi? Mapafu huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku, na yana walinzi wa aina tatu walio tofauti kabisa. Wa kwanza wako kwenye mirija ya hewa: ute unaonasa vumbi, na vijinywele visivyoonekana kwa macho ambavyo hupiga kwa pamoja kuusukuma ute huo juu hadi kooni. Wa pili ni makrofaji, seli zinazozunguka kwenye vifuko vya hewa zikimeza chembe na vijidudu. Otofaji ni wa tatu, na kazi yake iko ndani ya seli moja moja. Hauzoi kilicho kwenye mirija, na hauvuti masizi kutoka ukutani. Zaidi ya hapo, laisosomu huyeyusha vitu vya uhai, yaani protini, mafuta, sukari na vinasaba. Masizi ni kaboni. Vumbi la mwamba ni silika. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuyeyusha jiwe.

Kwa silika mambo ni mabaya zaidi, na hapa namfikiria mjomba. Makrofaji ikiimeza chembe ya silika huipeleka kwenye laisosomu kama ilivyozoea kufanya kwa kila kitu. Chembe haiyeyuki, bali huutoboa utando wa laisosomu kutoka ndani. Tindikali na vimeng'enya humwagika, ving'ora vya uvimbe hulia, seli hufa. Chembe hubaki nzima, ikamezwa na makrofaji nyingine, na hadithi ikaanza upya. Kila kifo huacha uvimbe, na uvimbe huacha kovu. Ndiyo maana ugonjwa wa vumbi la silika huweza kuendelea kumla mtu miaka mingi baada ya kuuacha mgodi, na ndiyo sababu mojawapo ya wachimbaji kuandamwa na kifua kikuu, kwa kuwa seli ambazo zingepambana na bakteria ndizo zinazouawa na jiwe. Kumwambia mtu wa namna hiyo aongeze kasi ya kujisafisha ni sawa na kuongeza wazoa taka wasio na glavu kwenye jaa lililojaa sindano.

Tuseme basi tumekiacha kando kile kinachovutwa na hewa, tukabaki na uchafu wa seli yenyewe: protini mbovu na mitokondria zilizochoka kwa moshi. Hapa otofaji uko nyumbani kwake. Je, ukizidi si bora? Swali hili liliwagonganisha wanasayansi kwa miaka kadhaa katika ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaojulikana hospitalini kwa herufi COPD. Mwaka 2008 kundi la Marekani lililomhusisha Augustine Choi lilipima vipande vya mapafu ya wagonjwa na kukuta mafurushi ya otofaji yamejaa kuliko kawaida. Mwaka 2010 wakaonyesha kwamba panya waliokosa mojawapo ya protini za otofaji, inayoitwa LC3B, hawakuharibika vifuko vya hewa kama wenzao walipovutishwa moshi wa sigara. Hitimisho likaonekana wazi: otofaji uliozidi unaua. Lakini mwaka huohuo watafiti wa Iowa walichunguza makrofaji za wavuta sigara na kukuta mafurushi mengi ambayo hayafiki mwisho wa safari. Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha Jikei, Tokyo, likaja na picha iliyoelekea upande wa pili: katika seli za mirija ya hewa za wagonjwa, otofaji haukuwa umezidi bali haukutosha, na seli zilikuwa zikizeeka kabla ya wakati kwa kulemewa na mabaki.

Asiyefuatilia fani hii atasema wataalamu hawajui wanachokisema. Mimi naona somo lingine. Pita Manzese, Dar es Salaam, asubuhi ukute mifuko ya taka imerundikana kando ya barabara. Imerundikana kwa sababu wakazi wamefanya usafi kwa bidii jana, au kwa sababu gari la taka halijapita wiki ya tatu? Kwa kuhesabu mifuko peke yake huwezi kujua. Unatakiwa usimame pale uone gari linakuja mara ngapi na linaondoka na mingapi kwenda jaa la Pugu. Tafiti nyingi za mwanzo zilihesabu mifuko. Mafurushi yaliyoonekana chini ya darubini yalisomwa kama dalili ya bidii, ilhali mengine yalikuwa dalili ya msongamano mbele ya laisosomu zilizodhoofishwa na moshi. Ukiwa na msongamano wa namna hiyo, kuamuru wakazi wafunge mifuko mingi zaidi hakusafishi mtaa. Kunaufunga.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kusema kundi la kwanza lilidanganywa na darubini, mambo yakaishia hapo. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kisa ambacho kwangu ndicho kinachofundisha kuliko vyote katika ugonjwa huu. Moshi wa sigara hupindua protini zinazojenga vile vijinywele vya mirija ya hewa. Seli, kwa nia njema kabisa, huzikusanya protini hizo kwa msaada wa protini nyingine inayoitwa HDAC6 na kuzipeleka kuyeyushwa. Matokeo yake vijinywele hufupika. Panya waliokosa HDAC6 walivutishwa moshi na vijinywele vyao vikasalimika zaidi. Maana yake, hapo usafi wa ndani ya seli unakula ufagio wa mapafu mazima. Ute unabaki kifuani, mgonjwa anakohoa alfajiri mpaka machozi yanamtoka, na kila seli inayohusika imetimiza wajibu wake. Katika makrofaji ya mtu huyohuyo, sentimita chache kutoka hapo, tatizo ni kinyume: mafurushi hayayeyuki. Dawa ya kuongeza otofaji mwilini mwote itamsaidia nani kati ya wawili hao, na itamwangamiza nani?

Wanaotetea kuongeza otofaji wana hoja nzito pia, na si haki kuzificha. Katika ugonjwa wa makovu ya mapafu usiojulikana chanzo, ambao kabla ya dawa za karibuni nusu ya wagonjwa walikuwa hawamalizi miaka mitano tangu kugunduliwa, tafiti za Marekani na Japani za 2012 na 2013 zilikuta otofaji umepungua. Mwaka 2015 ikaonekana kwamba seli za ukuta wa vifuko vya hewa za wagonjwa hao zina upungufu wa PINK1, protini inayoiwekea alama mitokondria mbovu ili iondolewe. Kwa maneno mengine, hapa usafi umelala. Na dawa ya kuuamsha ipo tayari: rapamaisini, iliyopatikana kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, ambayo hulifungua breki la otofaji liitwalo mTOR. Panya waliosababishiwa makovu walipopewa dawa hiyo walipata nafuu. Kila kitu kilielekea kukubaliana.

Kisha wakapewa watu. Australia walijaribu everolimus, ndugu wa rapamaisini, kwa wagonjwa wa makovu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: waliomeza dawa walizorota haraka kuliko waliomeza kidonge tupu. Hata nje ya jaribio hilo, madaktari wanaozitumia dawa za ukoo huo kwa waliopandikizwa figo wanajua kwamba zinaweza zenyewe kusababisha uvimbe wa mapafu. Lakini mwaka huohuo wa 2011, katika ugonjwa mwingine adimu unaowapata zaidi wanawake, ambapo seli zenye kasoro ya jeni za kudhibiti mTOR hutoboa mapafu kama sifongo, rapamaisini ilizuia pumzi isiendelee kupungua, na mwaka 2015 Marekani ikaiidhinisha rasmi kwa kazi hiyo. Na mwaka 2021 yakaja matokeo ya Afrika Kusini: wagonjwa wa kifua kikuu walioongezewa everolimus juu ya dozi ya kawaida walikuwa na nguvu kubwa zaidi ya kupuliza hewa baada ya siku 180 kuliko wasioongezewa. Jaribio lilikuwa dogo, la awali, na dawa hizi hufanya mambo mengi mbali na otofaji, ikiwemo kupunguza makali ya kinga. Kwa hiyo sisemi otofaji ndio ulioamua kila tokeo. Nasema hivi: dawa za ukoo mmoja, breki moja, mapafu ya aina tatu, na majibu matatu. Anayekuuzia kidonge cha "kuamsha usafi wa seli" bila kukuuliza unaumwa nini, muulize anakulenga kwenye jibu lipi kati ya hayo.

Kifua kikuu kinahitaji kusimamiwa kidogo, kwa sababu ndipo penye hoja bora kabisa ya upande wa mfungo, na pia kwa sababu Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zimekuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Bakteria wake ana ujanja wa pekee: hukubali kumezwa na makrofaji, kisha huzuia kifuko alichomo kisiungane na laisosomu, akakaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi. Mwaka 2004 kundi la mtafiti Vojo Deretic lilionyesha kwamba makrofaji zikinyimwa chakula kwenye sahani ya maabara, au zikipewa rapamaisini, ujanja huo huvunjika na bakteria hufikishwa kwenye tindikali. Njaa, otofaji, bakteria kupungua. Mtetezi wa mfungo hawezi kutamani zaidi ya hapo.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2012 panya waliokosa jeni ya otofaji iitwayo ATG5 walionekana kulemewa vibaya na kifua kikuu, ikaonekana mambo yamekwisha. Mwaka 2015 utafiti mwingine ukaziondoa jeni nyingine kadhaa za otofaji, mojamoja, na panya hawakudhurika kama ilivyotarajiwa. ATG5 peke yake ndiyo iliyokuwa na uzito huo, na kwa kazi nyingine isiyo otofaji, ihusuyo seli za kinga zinazoleta uvimbe. Kwa miaka kadhaa wengi wakaamini otofaji hauna neno kwa kifua kikuu. Mwaka 2023 upepo ukageuka tena. Watafiti wa Taasisi ya Francis Crick, London, walionyesha katika makrofaji za binadamu kwamba zikikosa ATG7 au ATG14 bakteria huzaana zaidi, na kundi la California likaonyesha kwa panya kwamba otofaji unasaidia katika maambukizi makali ya mwanzo. Kwa hiyo ndiyo, unasaidia, katika seli fulani, katika kipindi fulani, na si kwa ukubwa ule uliotangazwa mwanzo. Hiyo ni hatua kubwa ya elimu. Si tangazo la mfungo.

Maana kutoka sahani ya maabara hadi mtu anayefunga kuna mto mpana usio na daraja. Seli kwenye sahani hunyimwa chakula kwa saa chache, papo hapo, chote. Mtu akifunga, ini lake huendelea kumwaga sukari kwenye damu, kisha mafuta huyeyuka, na seli za mapafu hupata riziki yake. Panya wa maabara asipokula kwa siku moja huwa amepungua uzito kwa kiasi ambacho binadamu hawezi kukifikia kwa siku moja, kwa hiyo saa 24 za panya haziwezi kunakiliwa kama saa 24 zako. Na hata kwa panya, utafiti wa Noboru Mizushima wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba viungo haviitikii njaa kwa namna moja: misuli iliitikia, ubongo haukuonyesha ongezeko. Hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachoweza kusema otofaji wa mapafu ya mtu aliye hai umepanda au umeshuka. Wanaotaja saa kamili za kuanza kwake wanazitaja kana kwamba wana saa ya kuupimia.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi, ni ile ya kumwambia mgonjwa wa kifua asile ili apone. Hapa tuna ushahidi wa watu, tena wa kutosha. Katika jimbo la Jharkhand, India, watafiti waliwapa chakula cha ziada ndugu wanaoishi nyumba moja na wagonjwa wa kifua kikuu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba ugonjwa mpya ulipungua kwa asilimia 39 katika familia hizo, na kifua kikuu cha mapafu kilichothibitishwa maabara kwa asilimia 48. Miongoni mwa wagonjwa wenyewe, walioongezeka uzito katika miezi miwili ya mwanzo walikufa kwa uchache zaidi. Utapiamlo ni mojawapo ya milango mikuu ya kifua kikuu, na kwa wenye COPD kukonda ni dalili mbaya inayokwenda sambamba na kufa mapema. Kama njaa ingekuwa ufagio wa mapafu, vijiji vyenye njaa vingekuwa na vifua safi kuliko vyote, na kila muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu anajua hali ilivyo.

Sisemi haya kuidharau saumu. Saumu ni ibada, na ibada haihitaji cheti kutoka Stockholm. Wapo wanaofunga kwa kupunguza unene au sukari na wakafaidika, nao wana hoja zao zinazojitegemea. Ninachopinga ni kuazima jina la Ohsumi kwa ajili ya kifua cha mgonjwa. Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula. Ajabu ni kwamba WhatsApp imemnyima.

Kuna kisa kingine kinachotuhusu zaidi kuliko tunavyojua. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka klorokwini: uchungu wake ulimini na mwasho wake usiokunika, kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea. Klorokwini hujikusanya ndani ya laisosomu na kuizimua tindikali yake. Kwa lugha ya mtaa wetu, hulizuia gari la taka getini, ndiyo maana maabara huitumia hadi leo kupima msongamano ule niliousema. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, hujaribiwa pamoja na dawa za saratani, kwa kuwa baadhi ya uvimbe wa saratani ya mapafu huishi kwa kutegemea otofaji: seli ya saratani, iliyobanwa bila damu ya kutosha, hujila kidogo kidogo ili isife. Mafanikio kwa wagonjwa mpaka sasa ni haba, lakini wazo lenyewe linatosha kumnyamazisha anayesema otofaji ni rafiki daima. Azithromaisini nayo, tunayoinunua dukani kama peremende, ilionekana mwaka 2011 kuuzuia otofaji katika makrofaji, na ikahofiwa kuwafungulia mlango bakteria wa jamii ya kifua kikuu kwa wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu ute mzito, wanaoitumia kwa muda mrefu. Baadaye rekodi za wagonjwa hazikuiunga mkono hofu hiyo. Nalitaja hilo makusudi: upande wangu pia unaweza kulewa matokeo ya sahani.

Tukiyaweka haya pamoja, yanatudai nini sisi wa ukanda huu? Kwanza, kwa aliye na moshi jikoni au vumbi kazini, kinachopaswa kupungua ni kile kinachoingia. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya watu ifikapo 2034, na unapojadiliwa bungeni husikika zaidi kama habari ya misitu na bei za mitungi ya gesi. Ni habari ya makrofaji pia. Mgodini, kuchoronga kwa maji badala ya kuchoronga mwamba mkavu kunaokoa laisosomu nyingi kuliko kidonge chochote. Hapo sina mengi ya kuongeza, kwa kuwa wanaojua haja ya maji mgodini wanaijua tangu zamani, na kinachowakwamisha si ukosefu wa elimu ya seli.

Pili, na hapa ndipo naona tumelala, lile jaribio la Afrika Kusini halikuhesabu bakteria tu. Lilipima pumzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Karel Styblo, akifanya kazi na mpango wa taifa wa kifua kikuu wa Tanzania, alisaidia kujenga utaratibu ambao baadaye ulienezwa dunia nzima: mgonjwa asimamiwe, makohozi yapimwe, kila aliyepona aandikwe daftarini. Ulikuwa utaratibu wa kujivunia na uliokoa roho nyingi. Lakini kipimo chake cha kupona ni makohozi yasiyo na bakteria. Mtu anaweza kuandikwa amepona huku nusu ya pafu lake imegeuka kovu na vifuko vitupu. Utafiti mkubwa wa TB Sequel, ambao Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo vyake pamoja na Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini, ulianzishwa kwa ajili ya watu hao hasa: waliomaliza dozi na bado hawana pumzi.

Watu hao ndio walengwa halisi wa elimu ya otofaji katika Afrika Mashariki, kuliko mtu yeyote mwenye afya anayetaka kujisafisha. Ikiwa kuna kipindi ndani ya miezi sita ya matibabu ambapo kulifungua breki la mTOR kunapunguza makovu, na kipindi kingine ambapo kunayazidisha kama ilivyotokea Australia, hilo haliwezi kujulikana kwa panya wala kwa wagonjwa wa Ulaya ambao wengi wao hawakuwahi kuugua kifua kikuu. Litajulikana kwa kupima pumzi za wagonjwa wa Mbeya, Kampala na Mombasa mwanzoni mwa dozi, katikati, na mwaka mmoja baada ya kumaliza. Kipimo chenyewe ni mrija wa kupuliza uliounganishwa na kompyuta ndogo, na vituo vingi vya wilaya vinavyotoa dawa za kifua kikuu havina. Mjomba aliwahi kuugua kifua kikuu, akanywa dawa zote, akaandikwa amepona. Hakuna aliyempa mrija apulize.